Nani Atamlipa Mwuguzi wa Bel-Air?

Ndugu msomaji, wewe uliyeketi kwenye benchi ukingojea zamu yako, na wewe uliyepewa kitabu hiki kanisani, twataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo wengi huliona kuwa kazi ya wakubwa peke yao. Jambo hilo ni fedha za matibabu: zinatoka wapi, zinapita mikononi mwa nani, na zinamfikia nani. Usiseme, "Mimi si karani, hayo hayanihusu." Yanakuhusu sana. Siku mtoto wako atakaposhikwa na homa kali usiku, fedha hizo ndizo zitakazoamua kama utampeleka saa ile ile, au utangoja mpaka siku ya tatu.

Neno letu kwa ufupi ni hili: bima ya afya kwa watu wote ni jambo jema, nasi tunaitaka. Lakini haitatusaidia kitu kama haimlipi mwuguzi wa kituo cha karibu, bei ya haki, na kwa wakati wake.

MLANGO WA KWANZA WA MGONJWA

Tazama kartie ya Bel-Air, katika komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Mtu wa Bel-Air akiugua, haanzi kwa daktari mkubwa wa hospitali ya Sendwe. Huanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yake, na anayempokea hapo ni mwuguzi. Watu humwita munganga, nao hawakosei sana, kwa maana kazi anayoifanya ni kubwa. Yeye hupima homa, huchoma kidole kutafuta malaria, huandika katika kitabu, hutoa dawa, huchanja watoto, na kuwasaidia akina mama wakati wa kuzaa. Akiona ugonjwa umemshinda, huandika barua ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Katika nchi yetu mwuguzi ndiye mkuu wa kituo cha afya.

Mpango huu haukuanza jana. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakakubaliana kwamba matibabu ya kwanza yawe karibu na watu. Hapa kwetu nchi iligawanywa katika zoni za afya, na tangu mwaka 1981 mradi wa SANRU, uliosimamiwa na kanisa la Kiprotestanti pamoja na serikali, ulisaidia sana kuzijenga. Leo zoni za afya za Kongo ni zaidi ya 500. Kila zoni ina hospitali moja kubwa na vituo vingi vidogo, na vituo hivyo vyasimama juu ya mabega ya wauguzi.

Wala usifikiri kwamba ni umaskini wetu tu unaotufanya tumtegemee mwuguzi. Katika nchi tajiri ya Marekani, mwaka 1965, mwuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianza huko Colorado masomo ya kuwafundisha wauguzi kupima na kutibu magonjwa ya kila siku. Leo wauguzi wa namna hiyo wana vituo vyao wenyewe, na jamaa nyingi hazina mganga mwingine wa karibu.

NANI ANAMLIPA SASA?

Je, mwuguzi wa kartie analipwa na nani? Jibu ni rahisi: analipwa na wewe mgonjwa, siku ile ile unapougua. Wauguzi wengi wa vituo vya Kongo hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wengine hupata posho ndogo tu. Kwa hiyo fedha unazoweka mezani hununua dawa, sabuni, glavu na makala ya kuchemshia maji. Tena hulipa mfagizi, nazo hununua pia bukari ya watoto wa mwuguzi. Katika desturi hii twaona mabaya matatu.

La kwanza, mgonjwa huchelewa. Mama hutazama mfuko wake kabla ya kutazama macho ya mtoto. Akikuta hakuna kitu, hungoja. Hununua vidonge viwili sokoni kwa mtu asiyejua dawa. Malaria ambayo ingetibiwa kwa dawa za siku 3 huwa malaria ya kukosa damu, na hiyo huponywa hospitalini tu, kwa kutiwa damu na kwa gharama kubwa. Kumbuka kwamba kwa wingi wa malaria nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nigeria. Jambo hili si dogo.

La pili, mwuguzi hujaribiwa. Akiwa anaishi kwa kile anachouza, atauza zaidi. Mgonjwa aliyehitaji vidonge hupewa sindano. Aliyehitaji kunywa maji hutundikiwa serumu. Hatusemi wauguzi wote hufanya hivyo. Twasema kwamba si busara kumweka mtu mahali ambapo uaminifu wake unamletea njaa.

La tatu, aliyetibiwa hugeuka mfungwa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2016 katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi ulionyesha jambo ambalo wengi wetu tulilijua: akina mama waliokwisha kuzaa walizuiliwa humo pamoja na vitoto vyao, kwa sababu hawakuweza kumaliza deni. Mama amepona, mtoto mzima, lakini mlango umefungwa. Haya ni mambo ya aibu, na kumlaumu karani wa mlangoni hakuyaondoi.

WAZEE WANAKUMBUKA

Wazee wa mji huu watasema, "Zamani haikuwa hivi." Ni kweli, kwa watu wengine. Union Minière ilikuwa na hospitali zake kwa wafanyakazi na jamaa zao, na baada ya mwaka 1967 Gécamines iliendelea hivyo. Mfanyakazi hakuweka fedha mezani, kampuni ililipa. Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, kazi ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Pamoja na kazi, jamaa zao zilipoteza matibabu.

Tena hata leo sheria ya kazi ya mwaka 2002 yamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi wake na jamaa yake. Hiyo ni njema. Lakini muuza makala ana mwajiri gani? Dereva wa pikipiki, mama wa sokoni, mjane anayefua nguo za watu, watampelekea nani hesabu yao? Katika Bel-Air watu wa namna hiyo ni wengi kuliko wenye karatasi ya mshahara. Kwa hiyo hatuwezi kungoja kampuni zituponye. Lazima uwe mfuko wa watu wote.

BIMA NI NINI?

Ninyi mnaijua likelemba. Watu kumi huchanga, na kila mwezi mmoja hupokea kwa zamu yake. Bima ya afya yafanana na likelemba kwa kuchanga, ila haifanani nayo kwa kupokea. Katika likelemba kila mtu hupokea. Katika bima hupokea yule aliyeugua tu. Ukikaa mwaka mzima bila kuugua, usiseme, "Fedha zangu zimeliwa." Fedha zako zimemtibu jirani, na mwaka ujao fedha za jirani zitakutibu wewe.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, watu walianza kuchanga mara moja kila mwaka kwa ajili ya hospitali, wakati wa kuuza mazao, wakiwa na fedha mkononi. Mwanachama aliyelazwa alilipa 20 kwa mia ya gharama, na mfuko ulilipa zilizobaki. Tazameni neno moja hapo: wauguzi wa vituo ndio waliokusanya michango, na mgonjwa alitakiwa kupita kwanza kwa mwuguzi kabla ya kupelekwa hospitali. Mwuguzi aliwekwa mlangoni mwa mpango wenyewe. Mfuko ule ulistahimili hata taabu za miaka ya 1990, wakati fedha zetu zilipopoteza thamani kila wiki.

Jirani zetu wa Rwanda nao walianza kujaribu mifuko ya namna hii mwaka 1999, wakaieneza nchi nzima. Huko pia vituo vya afya huongozwa na wauguzi, na kwa miaka mingi mwanachama afikapo kituoni amelipa franga 200 tu za kwao. Zilizobaki hulipwa na mfuko.

SERIKALI IMEANZA

Serikali yetu nayo imeanza. Sheria ya mwezi wa 12 mwaka 2018 iliweka msingi wa afya kwa watu wote. Mwaka 2022 uliundwa Mfuko wa Mshikamano wa Afya, ambao kazi yake ni kulipa mahali pa mgonjwa. Mwezi wa 9 mwaka 2023, katika mji wa Kinshasa, ulianza mpango wa kuzaa bila malipo: mama hupimwa mimba, huzaa, hata kwa kupasuliwa, na mtoto hutunzwa siku 28 za kwanza, mama asitoe franga. Baadaye mpango ulianza kupelekwa majimbo mengine.

Twashukuru. Lakini, ndugu, lisikieni vema neno hili "bure". Bure kwa mama si bure kwa kituo. Glavu zimenunuliwa. Dawa ya kuzuia damu imenunuliwa. Mwuguzi amekesha. Kama mama halipi, lazima mwingine alipe, naye akichelewa, mambo huenda hivi: mwezi wa kwanza mwuguzi hukopa dawa dukani. Mwezi wa pili mwenye duka hudai fedha zake. Mwezi wa tatu rafu ni tupu, na mama anayekuja kuzaa huambiwa kwa sauti ya chini, "Nenda ununue glavu, ununue na uzi." Basi neno bure limebaki juu ya ukuta, na malipo yamerudi kwa mlango wa nyuma.

Kenya yatufundisha. Huko walikuwa na bima ya taifa kwa miaka mingi, na mwezi wa 10 mwaka 2024 waliibadilisha kwa mfuko mpya. Hospitali za makanisa zililalamika hadharani kwamba madeni ya mfuko wa zamani hayakulipwa, nazo zilikuwa zimekwisha kuwatibu watu. Hospitali kubwa yaweza kuvumilia deni la miezi michache. Kituo kidogo cha mwuguzi mmoja hakiwezi. Dawa ya deni ni kulipa, wala hakuna dawa nyingine.

MSAMARIA NA MWENYE NYUMBA

Mnajua habari ya Msamaria mwema. Watu hukumbuka mafuta na divai, na punda wake. Wengi humsahau mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakumwambia, "Mtunze huyu, Mungu atakubariki," akaenda zake. Kesho yake alimpa fedha mkononi kabla ya kuondoka, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Hapo mna mpango mzima: fedha za kuanzia, mtu wa kutunza, na ahadi ya kumaliza deni. Kama Msamaria angeondoka bila kulipa, je, yule mtu aliyepigwa angetunzwa siku ngapi?

WATU WENGINE HUPINGA

Wengine husema, "Mwuguzi si daktari. Kwa nini mfuko umlipe kama daktari?" Swali hili ni la haki, hata Marekani waliliuliza. Huko bima ya wazee iitwayo Medicare, tangu mwaka 1998, humlipa mwuguzi wa namna ile tuliyoitaja 85 kwa mia ya malipo ya daktari kwa kazi ile ile. Twaweza kubishana kama 85 ni haki au si haki. Lakini tazama, wao hubishana juu ya kiasi, hawabishani tena kama alipwe au asilipwe. Sisi hatuombi mwuguzi alipwe kwa kupasua tumbo. Twaomba alipwe kwa kazi aliyoifanya na anayoruhusiwa kuifanya. Kipimo cha malaria kina bei ile ile, kikishikwa na daktari au na mwuguzi.

Wengine husema, "Wauguzi wataandika wagonjwa wasiokuwapo." Hili nalo si uongo. Wako watu wenye tamaa katika kila kazi, na vituo visivyo na ruhusa vimejaa mjini. Lakini dawa yake yajulikana. Ulipe vituo vilivyoandikwa na zoni ya afya tu. Utume watu watazame kitabu, kisha waende nyumbani kwa wagonjwa wachache waulize, "Je, ulitibiwa siku ile? Ulitoa fedha?" Kazi hiyo imefanywa katika majimbo kadhaa ya Kongo, katika miradi iliyolipa vituo kwa kazi iliyoonekana. Mwizi akikamatwa, aondolewe. Lakini haifai kuwachelewesha waaminifu mia kwa sababu ya mwizi mmoja.

Wengine husema, "Serikali haina fedha." Hili ndilo zito kuliko yote, wala hatuna jibu jepesi. Ila twasema hivi: ni afadhali kuahidi mambo matatu na kuyalipa, kuliko kuahidi kumi na kuacha rafu tupu. Na kama fedha ni chache, zianzie kwa mwuguzi, kwa maana franga moja inayotumika mapema kituoni huokoa nyingi hospitalini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

TUNAYOYATAKA

Twawaomba wenye madaraka mambo manne.

1. Bei iwe moja kwa ugonjwa mmoja, tangu kupimwa mpaka kupona, nayo iandikwe ukutani. Hivyo mwuguzi hatapata faida kwa kuongeza sindano.

2. Sehemu ya fedha itangulie. Kituo kipate akiba ya kununulia dawa za miezi mitatu kabla ya kazi kuanza.

3. Malipo yawe na tarehe. Mwuguzi apeleke hati ya madai kila mwezi, naye ajue ni siku gani atalipwa. Kama kuna kosa katika hati, lisahihishwe hilo moja, na zilizobaki zilipwe.

4. Barua ya mwuguzi iheshimiwe. Mgonjwa afikaye hospitali na barua hiyo alipiwe na mfuko. Aliyeruka kituo bila hatari ya ghafula achangie zaidi. Hivyo hospitali haitajaa homa ndogo ndogo, na mwuguzi hatadharauliwa.

NA WEWE UFANYE NINI?

Usingoje serikali peke yake. Uchange kabla ya kuugua, kwa maana hakuna bima inayoweza kusimama kama watu huingia wakiwa wagonjwa na kutoka wakiisha kupona. Usimwazime jirani kadi yako, hata kwa huruma. Hesabu ikiharibika, wote wataumia. Kila mara uombe risiti, na jina lako liandikwe vema kitabuni. Ukiombwa fedha kwa kazi iliyotangazwa kuwa bure, usigombane na mwuguzi mbele ya wagonjwa. Mpelekee habari mjumbe wa kamati ya afya ya kartie yako. Kamati hiyo ni yenu. Wachagueni watu wanaojua kusoma hesabu na wasioogopa kuuliza.

Na sisi wa kanisa tuna kazi yetu. Katika kila kanisa kuna mjane, kilema, au mzee asiye na mtoto, ambaye hawezi kuchanga hata kidogo. Twaweza kumlipia mchango wake wa mwaka. Ni gharama ndogo kuliko jeneza, tena kuliko kumkomboa mama aliyezuiliwa maternite.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika kartie yenu, mgonjwa hupita kwa nani kwanza? Kituo hicho kimeandikwa na zoni ya afya?

2. Bei zimeandikwa ukutani? Nani kati yenu amezisoma?

3. Wajumbe wa kamati ya afya ni akina nani? Walikutana lini mara ya mwisho, na hesabu ilisomwa?

4. Ni nani katika kanisa letu asiyeweza kulipa mchango, na nani atamlipia mwaka huu?